Bibingka za Maulid

"Mchele wowote ulioota juu ya ardhi ya Mungu," alisema Maulid, mguu mmoja juu ya mwingine, "nipeni mimi, na nazi, na makaa ya moto. Nitakutoleeni mkate ambao mtu akiuonja anasahau jina la mumewe."

"Mimi sina mume," alisema Jacinta.

"Basi utalikumbuka la yule ambaye hujampata."

Walicheka wote isipokuwa Bi Mwanahija, mama mdogo wa Maulid. Yeye alikuwa kwenye sakafu anafunga katoni, na kila Maulid alipotia neno, Bi Mwanahija alivuta selotepu kwa nguvu zaidi, ikalia kraaa kama inayomjibu.

Nyumba yenyewe ilikuwa vyumba viwili vya kupanga, ghorofa ya juu kabisa ya jengo lisilo na lifti, mtaa wa Xiaobei, mjini Guangzhou. Ulikuwa mwisho wa miaka ya tisini, Desemba ile ambayo Ramadhani na Krismasi zilishuka pamoja kama abiria wa treni moja. Bi Mwanahija, mtu wa Unguja, alikuwa akinunua vyombo na viatu vya kupeleka nyumbani. Jacinta, wa Nairobi, alipanga vyumba vya mlango unaotazamana na wao na biashara yake ilikuwa mapazia. Na mgeni aliyepewa kiti kizuri siku ile, mkono wa kulia umefungwa plasta nene kama muhogo wa Bara, alikuwa Ligaya, Mfilipino wa ghorofa ya chini, mwimbaji wa hoteli. Kabla ya Guangzhou alikuwa ameimba Hong Kong miaka mingi, akajifunza Kikantoni hata akigombana na wauza mboga wanageuka kutazama kama ni dada yao. Humu ndani walizungumza naye Kiingereza cha kuokoteza, kila mtu akiokota chake.

Ligaya alikuwa ameteleza ngazini. Ajali ndogo, lakini ilichagua siku. Kila mkesha wa Krismasi, popote alipokuwa, aliwapikia wenzake bibingka, keki za mchele na tui la nazi zinazoivia ndani ya jani la mgomba, makaa chini na makaa juu. Wenzake hao, wapiga gitaa na waimbaji wa mahoteli, wakitoka misa kwenye lile kanisa kubwa la mawe walizila wamesimama uani, wakijipuliza vidole.

"Wengine hawajafika kwao tangu watoto wao walipokuwa wananyonya," alisema Ligaya. "Wakisikia harufu ya lile jani linavyoungua, basi, wamefika. Mwaka huu niwapelekee nini? Biskuti?"

Ndipo Maulid aliporuka kitini.

"Makaa chini na makaa juu? Dada Ligaya, hiyo si bibingka. Huo ni mkate wa kumimina umebadilishiwa pasipoti! Kwetu Ramadhani haiingii mlangoni bila huo. Nimekua nao."

Hapo hakusema uongo mkubwa. Kweli alikua nao, kama paka anavyokua na samaki. Jikoni kwao kulikuwa kwa mama na dada zake, na yeye akitia kichwa alifukuzwa kwa upawa. Kazi yake ilikuwa kupeleka sahani za futari kwa majirani, na mkate uliotoka nyumbani mzima ulifika kwa jirani umekosa upande, Maulid akiapa kwamba ndivyo unavyokatwa siku hizi.

Selotepu ikanyamaza.

"Maulid," alisema Bi Mwanahija.

"Naam, mama mdogo."

"Utazipika wewe? Kwa mkono wako? Mpaka ziive?"

"Mpaka ziombe ziepuliwe."

Bi Mwanahija alijifuta mikono, akauvuta mkoba wake, akatoa bahasha ndefu ya shirika la ndege. Maulid aliijua bahasha ile. Tangu aione wiki iliyopita alikuwa halali vizuri, na akikaa, goti moja linacheza peke yake kama cherehani.

Ndani ya bahasha ilikuwamo tiketi yake ya kurudi nyumbani, kwenda tu, bila ya kuja. Sababu yake ilikuwa gunia. Bi Mwanahija alikuwa amemtuma Zhanxi, kule kwenye viatu vya jumla karibu na stesheni, akatazame bei na arudi. Maulid hakurudi na bei, alirudi na gunia zima alilolipata kwa bei ya kutupa, akilibeba begani huku anaimba. Lilipofunguliwa, viatu vyote vilikuwa vya mguu wa kushoto. Ndivyo wenye maduka wanavyotundika nje, mguu mmoja mmoja, wezi wasipate jozi, na mwisho wa msimu huvitupia mpumbavu wa kwanza anayepita.

"Nipe nafasi moja tu," alikuwa amemwomba siku ile.

"Nafasi nilikupa. Ikaja na mguu mmoja."

Sasa aliiweka bahasha juu ya katoni, akaipigapiga kwa kidole.

"Mbele ya mashahidi hawa. Sijapata kukuona ukilisema jambo ukalifikisha. Hili moja, lifikishe. Keki za Ligaya zikitoka, na wewe ndiye uliyezipika, tiketi hii nakupa uichane mwenyewe. Zisipotoka, kontena likifungwa na wewe unafungwa. Umesikia?"

"Nimesikia, na naiona inachanika."

"Maulidi, wewe!" alisema Jacinta. "Hiyo mdomo yako inafaa kulipiwa ushuru bandarini."

Ligaya hakucheka. Alimtazama yule kijana kama mtu anayepanda ngazi baada ya kuteleza, akiujaribu ubao kwa ncha ya mguu kabla ya kuuamini. Akaanza kumweleza taratibu: roweka usiku kucha, saga na tui, tia hamira, acha iumuke, jani lipitishe motoni kwanza lisipasuke.

"Najua."

"Juu, kabla haijaiva, vipande vya yai la bata la chumvi. Uangalie sana, yapo ya aina..."

"Najua, dada."

"Na mchele, Maulid. Mchele usichukue ule..."

"Dada Ligaya! Mswahili afundishwe mchele?"

Kichina chake Maulid kilikuwa maneno machache, lakini lipo moja alilolipenda kuliko mengine yote: zhidao, yaani najua. Alilitumia kwa wauza duka, kwa madereva, kwa polisi wa barabarani. Mtu akianza kumwelekeza njia, Maulid hujibu zhidao, zhidao, kisha hupotea. Siku ile sokoni alilitumia mpaka likachakaa.

Mwenye duka la mchele alikuwa na magunia mawili wazi. Moja lilikuwa na mchele mrefu wa kawaida, unaopenya mwanga kidogo. La pili lilikuwa na punje fupi, nene, nyeupe pepe kama meno ya mtoto. Maulid akalielekezea hilo la pili. Mwenye duka akauliza jambo, akaunganisha vidole viwili na kuvibandua kwa shida, kama vyenye gundi.

"Zhidao, zhidao, laoban," alisema Maulid, akimwita bosi kwa adabu, akafungua mfuko.

Kwa muuza mayai ikawa vilevile. Mabeseni mawili ya mayai ya bata, yote yamepakwa uchafu: haya majivu meusi, yale udongo na makapi ya mpunga. Maulid alichagua ya makapi, kwani yalionekana yameshughulikiwa zaidi.

Asubuhi ya mkesha nyumba ilibaki yake. Bi Mwanahija alikwenda ghalani kusimamia upakiaji wa kontena, Ligaya alikwenda hotelini kuimba nyimbo za Krismasi kwa wanywaji chai, Jacinta alikuwa anaingia na kutoka na marobota ya mapazia. Maulid alikuwa amefunga, kofia yake imekaa sawasawa kichwani, ile ya viua aliyoshonewa na mama yake, jicho la sindano kwa jicho la sindano. Alitia mchele aliouroweka usiku kucha kwenye blenda moja ya sampuli za mama yake mdogo, akamimina tui, akabonyeza.

Blenda ilisaga kwa muda, kisha ikaanza kulia kama mtu anayevutwa sikio. Uji ulioitoka haukumiminika. Ulishuka kwa uzito wa kizee, ukafika kwenye bakuli, ukabaki umeshikana na blenda kwa kamba nyeupe ndefu. Maulid aliikata kamba kwa kidole. Kidole nacho kikashikwa.

"Ni tui zito," alijiambia.

Angekuwa hakufunga angeonja. Alitia hamira, akafunika, akaanza kungoja, na kungoja ndiyo kazi ambayo Mungu hakumpa. Alifunua. Alifunika. Alikwenda roshani kuwasha jiko, lile la kopo refu, na makaa ya Kichina ya duara yenye matundu kama sega la nyuki. Alirudi, akafunua. Alishuka ngazi zote hadi chini kutafuta majani ya mgomba kwa muuza maua, akapanda ngazi zote, akafunua kabla hajavuta pumzi. Unga haukuumuka. Ulikuwa umelala pale pale alipouacha, unang'aa, kama unaomsubiri yeye aumuke.

Adhuhuri ilipita. Alivunja yai la kwanza ili alikate vipande. Ndani hapakuwa na nyeupe wala njano. Lilikuwa la kuvundikwa, si la chumvi: kitu cheusi cha kuteleza kama mpira wa baiskeli ulioyeyuka, na katikati kijani. Harufu yake iliingia puani, ikatoka mpaka ngazini.

Jacinta alitia kichwa mlangoni. "Maze, nani amekufa?"

"Ni viungo! Ni viungo vya Kifilipino!"

"Basi waambie pole," alisema Jacinta, akaondoka ameziba pua.

Keki ya kwanza aliitia jikoni, jani chini, uji juu, bati la makaa juu ya kifuniko. Alipofunua, jani lilinukia vizuri ajabu. Kilichokuwa juu ya jani ndicho kilichokuwa na aibu. Kisu kiliingia, keki ikakishika. Alivuta kisu, keki ikaja nacho. Alivuta keki, jani likaja nayo. Alipoitupa sinkini iliganda ukutani kidogo, ikashuka polepole, ikimtazama.

Ya pili alizidisha moto, ikawa soli juu na gundi chini. Soli yenyewe, ukiitazama vizuri, ilikuwa ya mguu wa kushoto.

Maulid alikaa kwenye katoni. Goti lilianza cherehani yake. Akaona baraza la kwao, wale vijana wenzake wa Kikwajuni aliowaandikia kwamba sasa yeye ndiye anayefunga makontena, kwamba karibu atafungua ofisi, wamtumie tu orodha za wanachotaka. Akajiona anashuka kwenye teksi na begi moja kabla hata ya Idi. Wangemchoma taratibu, makaa chini na makaa juu, mpaka mwakani. Na si baraza tu. Mji huu ulikuwa unamfaa. Ulikuwa mji wa kwanza aliouona usioweza kukaa kitako, kama yeye.

Alisimama. Akashuka ngazi mbili mbili bila kujua anakwenda kutafuta nini.

Alitafuta kila mahali. Kwenye duka la mkate, mkate ulikuwa wa ngano. Kwenye duka la keki, keki zilikuwa na krimu ya waridi. "Meiyou," walimwambia, hakuna, meiyou, kabla hajamaliza kuchora duara hewani. Alikata uchochoro nyuma ya soko, akakata mwingine, na hapo, pembeni ya ukuta unaovuja, mwanamke mzee aliyevaa aproni ya maua alikuwa anainua kifuniko cha kapu kubwa la mianzi. Mvuke ulipanda. Ulipoondoka, Maulid aliona ndani ya kapu keki za mchele za duara, nyeupe, zimeumuka, zina vitundu juu yake kama vile vya mkate wa kumimina wa mama yake. Mchele mtupu na sukari! Zilikuwa zimeivishwa kwa mvuke, hazina rangi tu. Rangi yeye angezitia.

"Zote," alisema kwa Kiswahili, akazikumbatia kwa mikono bila kuzigusa.

Bibi alitikisa kichwa. Alionyesha mtaa, akaonyesha vidole, huyu na huyu na huyu, wateja wake wa kila jioni. Angempa mbili.

Maulid alitazama jua. Hapo ndipo wazo lilipomjia, na kama kawaida ya mawazo yake, lilimjia likiwa tayari limevaa viatu. Aligusa kidole chake cha pete. Aligusa moyo. Alichukua kitambaa chekundu kilichofunika sufuria ya bibi, akajifunika nacho kichwani kama bi harusi, akainamisha macho kwa haya, kisha akakivua haraka, akasimama upande wa pili, akawa bwana harusi, akajipiga kifua. Leo! Mimi! Leo!

Kusema uongo ndani ya Ramadhani aliogopa. Lakini hakusema neno. Aliyoyafanya ni ya mikono, na mikono, alijifariji, haifungi.

"Aaaa!" Bibi alipiga makofi. Alimshika shavu, akamwambia maneno mengi mazuri.

"Zhidao, zhidao," alisema Maulid.

Bibi akampa zote. Maulid alilipa bila kubishana, jambo ambalo peke yake lilitosha kumtia mtu mashaka Guangzhou. Lililobaki ni kapu. Keki zilikuwa laini, zikitiwa mfukoni zingekuwa uji, na kapu bibi hakuuza, ndilo jiko lake. Aliling'ang'ania kwa mikono miwili. Maulid alijipapasa mifuko, hakuwa na kitu cha kuweka rehani. Akaivua kofia yake, akampa. Bibi aliigeuzageuza, akapitisha kidole juu ya ushonaji, akaachia kapu.

Kuanzia hapo mikono ya Maulid ilifanya kazi kama ya watu watano. Alitandika majani ya mgomba kwenye makopo, akaweka keki, akafunika bati la makaa mpaka juu ikapata wekundu wa kupendeza na kingo za jani zikaungua. Akazipaka siagi aliyoikopa kwa Jacinta bila ya Jacinta kujua, akanyunyiza sukari, akakuna nazi juu. Mayai meusi na gundi nyeupe alivifunga mfuko mmoja, akavipeleka mbali na jengo kama mtu anayemtupa nyoka. Kapu alilisukuma nyuma ya ndoo roshani, akalitupia taulo. Alipomaliza, nyumba ilinukia jani, nazi na siagi, hata yeye akaanza kuamini kwamba amepika.

Magharibi iliwakuta wote mezani. Bi Mwanahija aliingia na vumbi la ghala, ametoka kulifunga kontena. Ligaya alikuja amevaa nguo yake ya misa, mkono wake wa plasta umefungwa utepe. Jacinta alikuja kwa sababu ya harufu, wala hakuficha. Saa ya Bi Mwanahija, ile yenye umbo la msikiti, ikaadhini kutoka juu ya friji, tende zikapita, maji yakapita, kisha macho yote yakageukia sinia.

"Kofia yako iko wapi?" aliuliza Bi Mwanahija. "Ile ya mama yako. Hata kulala huivui."

"Nimeiondoa, mama mdogo, isije ikashika moshi."

"Moshi," alisema Bi Mwanahija.

Ligaya alichukua kipande kwa mkono wa kushoto. Kwanza alikinusa. Macho yake yalilegea, na Maulid akaona, kwa muda mfupi kabisa, uani kwa mtu mwingine, mbali sana, watu wamesimama wanajipuliza vidole. Kisha akang'ata. Akatafuna. Uso ukabadilika kidogo, si kwa ubaya, kama mtu aliyeitwa jina lake na sauti asiyoitarajia.

"Laini," alisema. "Tamu. Ina uchachu kidogo. Yai la chumvi liko wapi?"

"Nimewahurumia wenye presha."

"Ladha hii..." Akang'ata tena. "Naijua. Nimeila mahali."

"Kwenu!" alisema Maulid. "Utotoni! Ladha nzuri zote huanzia utotoni, dada, kula."

"Si kwetu. Mahali pengine." Alikunja paji la uso, akawa anatafuta kwa ulimi. "Ngoja itanijia."

"Isikujie! Yaani, usijisumbue."

Jacinta alikuwa kwenye kipande cha tatu. "Mama Mwanahija, mimi sipendi kumsifu huyu kijana, ataota mabawa. Lakini hii imetoka. Ukweli lazima usemwe."

Bi Mwanahija alikula kipande kizima, mpaka sukari ya mwisho ya kidoleni. Alimtazama mtoto wa dada yake. Na lile jicho lake, lililokuwa limemtazama kwa wiki nzima kama gunia la viatu, lililainika. Hilo Maulid hakulitegemea, na lilimchoma kuliko makaa.

"Nilisema maneno makali," alisema. "Nilidhani huna hata jambo moja. Mama yako ningemwambia nini? Nimwambie nimekushindwa?" Alitoa bahasha, akatoa tiketi, akampa. "Chukua. Chana."

"Si lazima leo, mama mdogo."

"Chana, nikuone."

Maulid aliishika tiketi kwa ncha za vidole. Karatasi ilikuwa nyepesi, lakini ilikataa, au vidole ndivyo vilivyokataa. Hapo ndipo angeweza kusema kweli. Aliuona mlango wenyewe, uko wazi, maneno yenyewe ni mafupi. Akauruka. Akavuta, pembe ya tiketi ikachanika kidogo, kiasi cha ukucha.

Mlango ukagongwa.

Jacinta ndiye aliyefungua. Kizingitini alisimama mwanamke mzee mwenye aproni ya maua, anahema kwa ngazi, mkononi ana machungwa madogo mawili yaliyofungwa karatasi nyekundu, na kichwani, imekaa sawasawa, kofia ya viua. Nyuma yake mlinzi wa jengo alikuwa anaelekeza kwa kidole: ndio hapa, kijana wa kofia, ndio hapa.

Bibi alimwona Maulid, uso ukachanua. Alisema maneno marefu ya furaha.

"Huyu amekosea nyumba," alisema Maulid. "Hapa Xiaobei milango inafanana."

"Kofia haifanani," alisema Bi Mwanahija. Alikuwa amekwisha simama. Aliutazama ushonaji ule kama mtu anayesoma mwandiko wa dada yake. "Ligaya, anasema nini?"

Ligaya alisikiliza. Bibi alizungumza, Ligaya akafasiri neno kwa neno, sauti yake imetulia kama ya mtangazaji wa redio.

"Anasema samahani kuja bila mwaliko. Anahitaji kapu lake, kesho alfajiri ana kazi. Ameleta machungwa mawili, ni heri kwa wanaooana." Akasikiliza tena. "Anauliza bi harusi ni nani. Ni mimi au Jacinta."

"Nani?" alisema Jacinta, kipande cha tatu kimesimama njiani.

"Anasema amewanyima wateja wake wote ili keki zake ziwe za harusi. Anauliza wageni wamezipenda?"

Ligaya alitazama sinia. Alichukua kipande, akakwangua siagi na wekundu wa juu kwa ukucha, pakabaki peupe penye vitundu.

"Hong Kong," alisema taratibu. "Nilijua nimeila mahali. Nilikuwa nainunua kila asubuhi nikienda kazini." Kisha akaanza kuzipanga zilizobaki kwenye boksi kwa mkono wake mmoja, moja moja, pamoja na majani yake. "Nitawapelekea hizi hizi. Jani angalau limeungua kweli."

Bibi alikuwa amekwisha kuliona taulo roshani, na mdomo wa kapu lake unaochungulia chini yake. Alilichukua, akalikung'uta, akarudi nalo mpaka mbele ya Maulid. Akamvisha kofia kwa mikono yake miwili, akamtia machungwa mkononi, mkono ule ule wenye tiketi.

Bi Mwanahija alinyoosha kiganja. Maulid aliweka tiketi juu yake. Yeye akailainisha, akaikunja ile pembe iliyochanika, akaitazama kwenye taa.

"Hii bado inapanda ndege, Jacinta?"

"Inapanda, mama. Si imetoka tu kaukucha."

"Maulid. Ndege ni Jumapili. Unajua?"

Na mdomo ule, kwa mazoea tu, kabla mwenyewe hajaushika, ukajibu kwa neno lake unalolipenda: "Zhidao."

Bibi alifurahi kusikia mwishowe neno analolielewa. "Zhidao, zhidao!" alimwambia kila mtu mle ndani, akimwonyesha kwa kidole, akajifunika kichwa kwa ncha ya aproni kama bi harusi, akainamisha macho kwa haya, kisha akasimama upande wa pili, akajipiga kifua.